Mbuzi Watatu wa Bei Poa Hadi Kathiani

Fatuma, Agness na Nalubega, nawaandikia nyote mara moja, kwa sababu nimechoka kuanza upya kila mmoja wenu anapokuja kukaa kwenye ngazi yangu na kikombe chake cha chai. Mbuzi ni wazima. Wako kwa Musyoka, dereva wa pikapu, ambaye mtamfahamu humu ndani. Sikutapeliwa, sikukamatwa, wala sikugombana na mtu. Yaliyobaki someni polepole, na mkicheka, chekeni nikiwa kazini.

Machakos hadi Masii

Mnanijua kwa habari ya bei. Tangu tumekuja kufanya kazi nchi hii, nani aliwaambia kwamba nyanya za sokoni hushuka jua likianza kuzama? Nani aliwaonyesha kona ya mitumba wanakouza masalio ya robota, yale wanayoyaita fagia, ambako Agness alipata koti lile analolivaa hata kanisani? Nani aliwafundisha kunyoosha kidole kwanza kabla ya kufungua mdomo? Maana sisi Watanzania tukisema tu "samahani kaka, naomba," muuzaji anatabasamu, anasifu Kiswahili chetu kitamu, na hapohapo bei inapanda. Nalubega yeye ana nafuu, Kiswahili chake cha Uganda hakimsisimui mtu.

Lakini mbuzi hawakuwa mchezo wangu wa kawaida wa bei, na hili sikuwaambia vizuri. Nina miaka hamsini na moja. Sina mtoto, sina mume, na nyumba ya mama kule Same kaka zangu wameshagawana vyumba. Kiwanda chetu cha nguo kitanihitaji kwa miaka miwili mingine, tukibahatika, kisha nitaambiwa ahsante Namkunda, nenda nyumbani. Nyumbani wapi? Ndiyo maana nilipiga hesabu ya mbuzi. Nikinunua sasa wakati wa ukame, wakazaa, nikauza kabla ya kuondoka, nitapata angalau vyumba viwili vyangu na mlango wa kufunga mwenyewe. Mbuzi hao ndio uzee wangu, na safari nzima nilikuwa nimewabeba hivyo rohoni.

Wa kunichungia alikuwa amepatikana. Mwende, yule msichana anayeshona jirani na mashine yangu, kwao ni Kathiani. Bibi yake, ambaye wao humwita susu, ana zizi, ana mjukuu mwingine, dada yake Mwende, wa kukata majani, na alikuwa tayari. Tulipanga twende wote Jumamosi. Ijumaa jioni Mwende akapangiwa zamu.

"Auntie, wewe enda tu," akaniambia kwenye simu. "Nimeshaongea na nyumbani. Wanakungojea. Nimewaambia kila kitu."

Nikapanda gari la kwanza la Masii nikiwa na wasiwasi wa vitu viwili tu: kuibiwa, na kuuziwa mbuzi mgonjwa. Laiti ningejua, ningeuliza hicho "kila kitu" kilikuwa nini.

Masii: mbuzi wa tatu

Nilipofika mnada ulikuwa umechangamka. Sijui kama mmewahi kuona soko la mifugo wakati wa ukame. Watu wanauza kwa haraka, kabla mnyama hajakonda akakosa thamani, na macho yao hayachezi. Nilipata aibu kidogo. Kile nilichokuwa nakiita bei poa kilikuwa shida ya mtu mwingine. Aibu hiyo haikunizuia kubishana, nawaambia ukweli.

Mama mmoja mnene, kitambaa cheusi kichwani, alikuwa na majike wawili wazuri. Niliwashika mgongo, nikawafungua midomo, nikawatazama chini ya mkia. Mimi ni Mpare, mbuzi nawajua. Kisha nikataja nusu ya alichotaja yeye. Akakataa. Nikaondoka polepole, kama tunavyofanya nyumbani, nikisubiri kuitwa.

Hakuniita.

Nilizunguka soko lote na moyo unadunda, nikihofia mtu mwingine atawachukua. Nilipotokea tena mbele yake akaanza kucheka mpaka akashika kiuno.

"Wewe mama, umetembea umetoka jasho bure. Hata mbuzi zilikuwa zinakuangalia. Wewe ni wa wapi?"

"Tanzania. Nakaa Machakos mjini."

"Na wewe ni mama nani?"

Swali hilo mnalijua. Nimeshalijibu kwa uongo mara nyingi tu, lakini siku hiyo nilikuwa nimechoka. "Mimi sina mtoto," nikasema.

Akaacha kucheka. "Aai. Pole, mwaitu." Mwaitu ni mama yangu, ndivyo wanavyomwita mwanamke wanayemheshimu. "Sasa hizi mbuzi unapelekea nani?"

"Kathiani, kwa bibi mmoja na mjukuu wake. Ndio watakaokaa nao."

"Mjukuu msichana?"

"Ndiyo, msichana."

Uso wake ukabadilika, ukawa wa upole kabisa. "Hapo umefikiria vizuri," akasema. "Mtu asizeeke pekee yake."

Nikaona huyu mama ana akili, ameelewa mpango wangu wa vyumba viwili bila kuelezwa. Kisha, bila mimi kuomba, akashusha bei, na akavuta beberu mdogo mwekundu aliyekuwa amefungwa nyuma yake.

"Na hii chukua. Niongezee kidogo tu, zikuwe tatu. Huwezi enda na mbili."

Kwa nini nisiende na wawili, sikumuuliza. Nani anauliza akipewa beberu kwa bei ya kuku wachache? Nilifungua pochi haraka kabla hajabadili mawazo. Yeye akanishika mikono yote miwili akaniombea kwa Kikamba, macho amefumba, na mimi nikasema amina kwa sauti.

Masii hadi Kathiani, kwa pikapu ya maji

Musyoka nilimpata pembeni ya soko. Pikapu yake hubeba mitungi ya maji, na alikuwa akielekea upande huo akiwa na nafasi nyuma. Ni mwanamume wa miaka arobaini hivi, mpole, anayeongea kila wakati. Aliwatazama wale mbuzi, majike wawili na beberu, akanitazama mimi, akapiga mluzi.

"Kathiani kwa nani?"

Nikamtajia jina la nyumba ya kina Mwende.

"Nawajua. Na wazee wako wako wapi?"

"Wazee gani? Nimekuja mwenyewe."

"Peke yako? Hakuna hata mtu mmoja wa kukuongelea?"

Nikafikiri ananipima, kwamba akijua niko peke yangu atanipandishia nauli. Nikamjibu kwa ukali kwamba naweza kujiongelea mwenyewe. Akacheka. "Sawa, mwaitu. Lakini si vizuri. Mimi nitakusindikiza mpaka ndani."

Safari ile ingeisha mapema kama si maji. Kila tulipopita kwenye kituo kidogo watu walitoka na mitungi mitupu, na Musyoka hawezi kumwambia mtu hapana. Alishusha, akapandisha, akasalimia, akauliza habari za ng'ombe wa fulani. Mimi nilikuwa nageuka nyuma kila dakika kuwatazama mbuzi. Jike mmoja alikuwa anahema kwa ulimi nje, nikamwona kama anakufa. Nikamwomba Musyoka asimame tumnyweshe. Akasimama. Tulipoanza kuondoka, tairi ya nyuma ikawa imeshaisha upepo.

Tulikaa kando ya barabara mpaka jua likatupita kichwani. Nilikuwa na hofu ya kila namna: kwamba mbuzi watapata homa, kwamba yule bibi atachoka kunisubiri aseme basi, kwamba ningepaswa kuziweka benki hela zangu kama watu wenye akili. Musyoka alifungua tairi huku akinihadithia ndoa ya dada yake, mbuzi wangapi waliletwa, nani alikasirika, nani alilewa. Sikuwa namsikiliza. Ningemsikiliza, nisingekuwa naandika haya.

Machakos tulisimama tule chapati na maharagwe. Ndipo akaniambia lazima ninunue sukari, unga, mikate na leso moja nzuri, ndivyo wanavyoita kanga, ya kumpa susu.

"Huwezi ingia mikono mitupu siku kama ya leo," akasema.

Siku ya leo ina nini? Nikadhani ni adabu za kwao kumpa zawadi atakayekuchungia. Nikaenda kuvitafuta kwa mabishano, na leso niliipata nusu bei kwa sababu ilikuwa na doa dogo la kutu pembeni. Niliporudi, beberu alikuwa ameingiza kichwa kwenye mfuko na kumaliza mkate mzima pamoja na karatasi yake. Musyoka alicheka mpaka chozi. Mimi nilirudi dukani kununua mwingine, nikiwa nimekasirika kana kwamba yule mnyama amekula chumba kimoja cha nyumba yangu.

Kathiani: tulivyopokewa

Kutoka barabarani unashuka kwa njia ya mawe hadi kwenye miembe na parachichi, kisha nyumba ya bati. Nilitarajia kumkuta bibi mmoja na mjukuu mmoja. Nilikuta turubai limefungwa uani, viti vya kanisa vimepangwa, na watu wapatao ishirini wamevaa nguo za Jumapili.

Nikamshika Musyoka mkono. "Kuna msiba?"

"Msiba? Aai, mwaitu, ni wewe."

Kabla sijamuuliza, wanawake wakapiga vigelegele. Wakanijia, wakanivua mkoba begani, wakaniita mwaitu, mwaitu. Mbuzi wakapokewa kwa nyimbo. Mtu mmoja alimtembeza beberu mbele ya watu, wakamshika mgongo wakitikisa vichwa kwa kuridhika, nami kwa upumbavu wangu nikaona fahari, kwamba hata Wakamba wamekubali jicho langu.

Susu aliletwa ameshikwa mkono. Ni mdogo sana, mgongo umepinda, na macho yake yanaona vizuri kabisa. "Wakya?" akanisalimia. Mwende alikuwa amenifundisha jibu. "Aa," nikasema, na watu wakashangilia tena. Nilimfunga leso mabegani nikiwa nimelificha doa la kutu kwa ndani.

Wakatuketisha mbele, mimi na Musyoka, kwenye viti vyenye mito. Chakula kikaja: muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ndengu, ambazo kwetu ni choroko, kuku, chai ya maziwa. Aliyeniwekea sahani alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, tepe la kupimia nguo limesahauliwa shingoni. Aliniangalia mara moja tu, akainamisha macho.

"Huyo ndio Ndanu," Musyoka akaninong'oneza, kama mtu anayeonyesha kitu ulichokuja kukinunua.

Ndanu ni dada yake Mwende. Nilijua anashona nguo pale sokoni Kathiani na kwamba ndiye angekata majani. Nikamtabasamia. Watu wote wakatuona, na kukawa na mnong'ono wa furaha uliopita kiti hadi kiti. Sikuelewa kitu, lakini nilijua kuna jambo.

Kisha akasimama baba yake mdogo Ndanu, Mzee Nzioka, mtoto wa susu, na koti lake la suti. Alisema kwa Kikamba muda mrefu, akininyooshea mkono, akiwaonyesha mbuzi. Nilisikia jina langu. Nyuma ya nyumba mtu alikuwa ananoa kisu.

"Anasemaje?" nikamuuliza Musyoka.

"Anashukuru kwa ntheo."

"Ntheo ni nini?"

Musyoka akaacha kutafuna. "Mwaitu," akasema polepole, "si unajua ni nini umeleta?"

"Nimeleta mbuzi."

"Mbuzi tatu. Majike mbili na beberu. Kwa nyumba iko na msichana." Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Hiyo ndio ntheo. Ukileta hizo, umeoa. Bila hizo hakuna ndoa ya Mkamba."

"Lakini mimi ni mwanamke!"

"Ndio. Iweto."

Akanieleza kwa haraka, mdomo umefichwa nyuma ya kikombe. Mwanamke asiye na mtoto, kwa mila yao, anaweza kumtolea msichana mbuzi na kumleta nyumbani kwake. Msichana huyo anaitwa iweto. Si mambo mnayoyawaza. Ni habari ya ukoo: watoto atakaowazaa wataitwa wa yule mama, watamlima shamba, watamzika. Siku hizi ni wachache wanaofanya, na kanisani hawapendi, lakini bado wapo.

"Na mimi nilikuuliza wazee wako wako wapi," akamaliza, kama vile kosa ni langu.

Wenzangu, nilitamani ardhi ipasuke. Mwende alikuwa amepiga simu kwao akasema hivi, nimeshamhoji: "Kuna mama mmoja Mtanzania, ni mtu mzuri sana, hana mtoto, analeta mbuzi kwetu kesho, mumpokee vizuri." Kila neno ni kweli. Na habari ya watatu ilikuwa kosa langu mwenyewe, maana nilimpigia kutoka mnadani kumringia bei, naye akawapigia tena kwao! Simu hiyo ya pili ikawa kama muhuri. Mwende amekulia Athi River kwa shangazi yake. Mila hizo hazikumjia kichwani hata kidogo.

Nikawaza mambo mawili kwa pamoja na yote yalinitisha. Beberu anakaribia kuchinjwa, na wakishakula nyama yake ndoa imefungwa, wale majike si wangu tena, na uzee wangu umekwisha. Na nikisimama sasa hivi niseme mmekosea, nitamfanya nini yule mwanamke mwenye tepe shingoni?

Jikoni

Nilisema naomba maji ya kunawa. Nikamfuata Ndanu jikoni, chumba cha moshi nyuma ya nyumba, mafiga matatu na sufuria kubwa juu. Tulikuwa wawili tu.

"Dada Ndanu," nikasema, "naomba unisamehe. Mimi sikujua. Nilileta mbuzi wachungwe tu. Mwende aliniambia susu atanichungia."

Aliacha kukoroga. "Wachungwe," akasema.

"Ndiyo."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Aligeukia moto, akasukuma kuni ndani ingawa ulikuwa unawaka vizuri. Nilisubiri akasirike. Hakukasirika.

"Nilikuwa nimeolewa Yatta," akasema bila kugeuka. "Nikarudishwa. Watu wa hapa waliniona nikishuka na sanduku. Ukisema hivyo hapo nje, watasema Ndanu amekataliwa mara ya pili, tena na mwanamke. Susu hatamaliza mwaka."

Jambo la kiutu lilikuwa moja, na nililijua: kumwambia basi, mbuzi wabaki, nitanyamaza, tutajua baadaye. Nilitaka kulisema. Nililitafuta neno lenyewe, nikaona vyumba viwili vya Same, mlango wangu, ufunguo wangu, na neno halikutoka. Ndanu akanitazama machoni kwa mara ya kwanza. Nadhani aliona kila kitu.

"Hizi mbuzi si ndio kila kitu uko nayo?" akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Nikaanza kulia, mimi, mtu mzima, kwenye jiko la watu.

"Nyamaza, moshi itasingiziwa," akasema, akanipa ncha ya kanga yake nijifute. "Wacha mimi ndio nikatae. Kabla beberu ichinjwe lazima waniulize mbele ya watu. Nikisema hapana, ni hapana. Wewe ndio utakuwa umekataliwa. Utaweza?"

Nikamwambia nitaweza. Kwani ni nini, nilijiambia, kukataliwa na mtu ambaye hukumposa.

Tukarudi. Beberu alikuwa amesimamishwa katikati ya uwanja, na yule mwenye kisu amekunja mikono ya shati. Mzee Nzioka akamwita Ndanu.

"Ndanu, umeona hizi mbuzi. Umeona mwenye kuleta. Tupokee ama tusipokee?"

Ndanu alisimama wima, akalivua lile tepe shingoni, akalikunja mkononi.

"Huyu mama ni mtu mzuri," akasema kwa Kiswahili, kusudi nisikie. "Mtu asimseme vibaya. Lakini mimi niko na cherehani yangu na niko na nyumba ya susu. Sitaki kuolewa saa hii, na mwanaume wala na mwanamke. Mumrudishie mbuzi zake."

Kulikuwa na sauti kama ya watu wote kuvuta pumzi. Kisha macho ya wote ishirini yakanigeukia, na yalikuwa na huruma. Mama mmoja akanishika goti akasema pole, pole sana, utapata mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Badala yake uso ulinichoma, nikainamisha kichwa kama mtu aliyepoteza kweli, na sikuwa naigiza.

Susu alimtazama mjukuu wake, akanitazama mimi na macho yangu mekundu. Sijui aliona nini.

"Haya," akasema mwishowe. "Mbuzi zake apewe. Lakini hawezi enda na njaa. Muongezeeni chakula."

Nikala. Niliongezewa kuku na nikamla wote, nikiwa sihisi ladha.

Kurudi barabarani

Mbuzi wasingeweza kubaki hata kwa kuchungwa. Wakilala pale usiku mmoja, Musyoka alisema, maneno yataanza upya. Yeye ana boma upande wa Mwala na mke anayejua mifugo, akasema tutaelewana njiani, nisijali. Huyo ndiye Musyoka mnayemuuliza. Akaenda mbele na majike wawili, akijaribu kutonitazama.

Ndanu alinisindikiza akimvuta beberu. Tulipanda ile njia ya mawe. Nilikuwa natafuta maneno ya shukrani na kila nililolipata lilikuwa dogo.

"Umeniokoa," nikasema tulipofika barabarani. "Umejibebesha lawama kwa ajili yangu. Umekataa mbele ya watu wako wote."

Alikuwa anamfunga beberu kwenye chuma cha pikapu. Alikaza fundo, akalijaribu.

"Mimi nilikuwa nimeshakubali," akasema.

"Umekubali nini?"

"Jana Mwende alipopiga simu, susu aliniita akaniuliza. Nikasema sawa." Bado alikuwa anatazama kamba. "Mwende amekuwa akituambia habari yako. Vile unamwekea chakula akichelewa kutoka. Vile alikuwa mgonjwa na ukakaa naye siku mbili. Nikasema, mtu kama huyo hawezi kunirudisha."

Wakati nahesabu mbuzi kule Masii, kulikuwa na mtu Kathiani anapiga pasi nguo ya kunipokea, na mimi nikamfuata jikoni nikamwambia amekosea.

"Na nikirudi?" nikasema. Sikujua kama ningesema hivyo. "Siku nyingine. Nikirudi nao?"

Alicheka kidogo, akatikisa kichwa. "Wazee wameshasikia hapana. Hiyo imeisha."

"Imeisha kabisa?"

"Ya mbuzi imeisha." Akanifungulia mlango wa gari, akaweka mkoba wangu kwenye kiti. "Wewe kuja tu hivyo. Bila mbuzi, bila leso. Kuja unywe chai, ulale, uniambie watu wa kwenu hushona nini."

Musyoka akawasha gari. Nikamshika mkono kupitia dirishani, naye akatembea pamoja na gari hatua kadhaa kabla ya kuuachia.